Umepiga Mkeka: Lenzi Pana, Bei Yake na Kinachotuvutia



Katika kila mkusanyiko wetu hapa Uingereza, iwe Idi, harusi au kikao cha msiba, hakosekani ndugu mmoja mwenye kamera kubwa shingoni na lenzi ambayo kioo chake kimetokeza mbele kama jicho la chura. Huyo ndiye anayeambiwa, "Hakikisha wote tumeingia." Anarudi nyuma hatua moja tu, anabonyeza, na kweli wote tumeingia. Kwa miaka kadhaa ndugu huyo nilikuwa mimi. Kwa hiyo nitakayoyasema hapa kuhusu lenzi pana nayasema kama mtu aliyeipenda, akailipia kwa jasho lake, na akaibeba hadi nyumbani na kurudi.

Vijana wetu wanaoanza kupenda upigaji picha huniuliza, "Anko, lenzi pana ipi ni nzuri?" Zamani nilikuwa najibu kwa kutaja namba. Siku hizi nami nauliza: unataka kupiga picha ya nini, na uko tayari kusimama wapi? Swali hilo la pili lina gharama kuliko lenzi yenyewe, na ndilo ninalotaka tulizungumze leo.

Picha ya watu 31

Kamera yangu ya kwanza niliinunua mwaka 1993 nikiwa mwanafunzi wa uhandisi Sheffield. Ilikuwa Zenit ya Kirusi, nzito kama tofali, na lenzi yake ilikuwa Helios ya milimita 58. Wanaoijua kamera hiyo watakumbuka kwamba ndani ya chumba cha mwanafunzi ilikuwa kazi kumpiga mtu picha ya mwili mzima. Unarudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta, na bado miguu ya mwenzako imekatwa. Miaka yote ile niliota lenzi ambayo ingeniondolea ule ukuta mgongoni.

Ndoto ilitimia mwaka 2014. Nilinunua lenzi ya milimita 14, ya mtumba, kwa fedha ambazo zingenilipia nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi. Sitaitaja kampuni, maana kosa nitakalolieleza halikuwa lake. Mwaka huohuo nikaenda nayo Tanga kwenye harusi ya mpwa wangu. Siku ya pili baada ya harusi jamaa walikusanyika uani kwa mama, Ngamiani. Mkeka mkubwa ukatandikwa. Wazee wakakaa kwenye viti nyuma, kina mama wengine na watoto wakakaa mkekani. Walikuwa watu 31. Uani kwa mama si pakubwa, na mwenye lenzi ya kawaida angelazimika kupanda ukuta wa jirani. Mimi nilisimama hatua tatu tu kutoka walipoketi, nikawaingiza wote, pamoja na mnazi wa jirani na anga.

Picha ile niliichapisha kwa upana wa sentimita 90 nikaitundika sebuleni kwangu Leicester. Kila mgeni aliisifu. Nakala nyingine nilimpelekea mama kwa mkono wa rafiki, kisha nikapiga simu kuuliza kama imefika. Akasema imefika, akanishukuru, akanyamaza kidogo. "Lakini mwanangu," akasema, "umepiga mkeka."

Shangazi yangu, dada wa mwisho wa marehemu baba, alikuwa hapo pembeni yake. Nikamsikia akisema kwa sauti ya juu, "Hebu muulize, huyu mwenye kichwa cha papai ndiye mimi?" Tulicheka sote watatu mpaka salio likaisha.

Baada ya hapo nilikwenda sebuleni kuitazama picha upya. Mkeka ulikuwa umechukua karibu nusu yake, kila ukindu unahesabika. Mama, aliyekaa katikati kwenye viti vya nyuma, alikuwa mdogo kuliko birika lililosahauliwa mbele. Shangazi alikuwa ukingoni kabisa upande wa kulia, na kweli kichwa chake kilikuwa kama papai lililolazwa.

Shangazi alifariki mwaka 2019. Sikuweza kwenda kuzika. Tulimsomea hitima hapa nyumbani, na binti yangu, aliyezaliwa huku na kumwona shangazi mara moja tu akiwa mchanga, alisimama mbele ya ile picha kubwa akaniuliza ni yupi. Nikamwonyesha ukingoni. Akatazama kwa muda, kisha akauliza, "Baba, alikuwa hivyo kweli?" Nikasema hapana. Nikaenda kutafuta picha nyingine ya kumwonyesha. Safari ile nilikuwa nimepiga picha zaidi ya 900: barabara, bahari, misikiti, maembe sokoni. Shangazi alikuwamo katika nyingi, ila daima kwa mbali au pembeni. Hakukuwa na hata moja ya uso wake.

Lenzi inafanya nini hasa

Hapa niruhusuni niongee kihandisi kidogo, halafu nitawarudisha uani.

Tuchukue kamera ambayo sensa yake ina ukubwa sawa na filamu tuliyoizoea zamani, yaani milimita 36 kwa 24. Lenzi ya milimita 50 huona nyuzi 46 hivi kutoka kona hadi kona. Ya milimita 35 huona nyuzi 63, ya 28 nyuzi 75, ya 24 nyuzi 84, ya 20 nyuzi 94, na ya 14 nyuzi 114. Kadiri milimita zinavyopungua, ndivyo mwono unavyopanuka. Hayo yamo katika kila kijitabu cha matangazo.

Ambalo halimo ni hili: ukubwa wa kitu kimoja dhidi ya kingine katika picha hauamuliwi na lenzi, unaamuliwa na mahali uliposimama. Tuseme mtu amesimama mita 10 mbele ya mlango. Ukisimama mita 1 kutoka kwake, mlango uko mita 11 kutoka kwako. Kwa hiyo utaonekana mdogo mara 11 kuliko ambavyo ungeonekana kama ungekuwa pale aliposimama yeye. Ukirudi hadi mita 5 kutoka kwake, mlango uko mita 15, na tofauti inashuka hadi mara 3. Hakuna lenzi inayobadili hesabu hiyo. Kazi ya lenzi pana ni kukuwezesha kusimama ile mita 1 na bado yeye, mlango wake na mtaa wake wakaingia. Hapo aliye mbele yako anakuwa mkubwa, na dunia nyuma yake inapungua bila kupotea. Hilo ndilo jambo zuri ambalo lenzi hii inaweza kufanya na nyingine haziwezi.

Lakini hesabu hiyohiyo ina upande wa pili. Usiposogea, wote unaowapiga picha wanakuwa sehemu ya dunia ya nyuma, na kinachokuwa kikubwa ni chochote kilichotokea kuwa karibu na miguu yako. Uani kwa mama kitu cha karibu kilikuwa mkeka. Mama hajawahi kushika kamera, lakini kwa sentensi yake moja alieleza jambo ambalo mimi mwenye shahada sikuliona kwa macho yangu.

Kuhusu kichwa cha papai, maelezo yake ni haya. Lenzi pana za kawaida hutengenezwa ili mstari ulionyooka ubaki umenyooka. Ili kuta na milango isipinde, lenzi inalazimika kuvivuta vitu vya mviringo kadiri vinavyokaribia ukingo. Kiwango chake kinakokotolewa kirahisi. Kichwa kilicho kwenye ukingo wa kulia au wa kushoto hurefuka kwa upande asilimia 6 kwa lenzi ya milimita 50, kiasi ambacho jicho halikitambui. Kwa ya milimita 28 hurefuka asilimia 19, kwa ya 24 asilimia 25, na kwa ya 14 asilimia 63. Mimi nilimkalisha shangazi kwenye asilimia 63.

Ziko lenzi za jicho la samaki zinazofanya kinyume: zinaviacha vichwa karibu na umbo lake na kuzipinda kuta. Hakuna lenzi inayookoa vyote viwili, kwa sababu ileile inayowashinda wachora ramani: huwezi kulibandika tufe juu ya karatasi bapa bila kulivuta mahali fulani. Ni lazima kuchagua kati ya kuta na vichwa, na lenzi nyingi pana zinazouzwa zimechagua kuta.

Bei ya kioo

Wengi huuliza kwa nini lenzi hizi ni ghali. Sababu ya kwanza ni mwanga. Katika lenzi sahili, mwanga unaofika pembeni hupungua kwa kipeo cha nne cha kosaini ya pembe. Kwa mwono wa nyuzi 114, kona ya picha ingepata chini ya sehemu moja ya kumi ya mwanga wa katikati. Mwaka 1900 kampuni ya Goerz ya Ujerumani ilitoa lenzi iliyoitwa Hypergon, yenye vipande viwili tu vya kioo, iliyoona zaidi ya nyuzi 130. Ili kupunguza mwanga wa katikati waliweka mbele yake kijifeni chenye umbo la nyota. Mpigapicha alikizungusha kwa kukipulizia hewa ya mpira wa mkononi, kisha akakiondoa kabla hajamaliza kupiga. Kama mhandisi naipenda lenzi ile, kwa kuwa tatizo lake na dawa yake vyote vinaonekana kwa macho.

Sababu ya pili ni kile kioo kinachoakisi ndani ya kamera za SLR, kinachotuletea picha jichoni kabla hatujabonyeza. Kioo hicho kinahitaji nafasi ya kuinuka. Kwa kamera za Nikon, lenzi ililazimika kufungwa milimita 46.5 kutoka kwenye filamu, na kwa Canon EF milimita 44. Lenzi ya milimita 14 kwa asili yake ingetaka kukaa karibu zaidi ya hapo. Mfaransa Pierre Angénieux alilitatua hilo mwaka 1950 kwa lenzi ya milimita 35 aliyoiita Retrofocus. Kwa lugha nyepesi ni darubini iliyogeuzwa nyuma mbele, yaani vioo vya kuutawanya mwanga vinakaa mbele na vya kuukusanya vinakaa nyuma. Lile jicho la chura limetokana na mtindo huo. Vipande vikawa vingi, vingine vikawa na mviringo usio wa tufe ambao ni mgumu kuutengeneza, na uzito ukapanda.

Tuzitazame bei mbili. Mwaka 2015 Canon walizindua lenzi ya milimita 11 hadi 24 kwa dola 2,999. Uzito wake ni gramu 1,180, na inaona nyuzi 126. Mwaka 2021 kampuni hiyohiyo ilizindua ya milimita 16, kwa kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi, kwa dola 299. Uzito wake ni gramu 165, na inaona nyuzi 108. Tofauti ya bei ni dola 2,700 na tofauti ya mwono ni nyuzi 18, kwa hiyo kila nyuzi moja ya ziada inagharimu dola 150. Najua hesabu hii haiitendei haki lenzi ya ghali. Ile inabadilika milimita, ni imara, na inanyoosha mistari kwa kioo chenyewe, wakati ya bei nafuu inategemea kompyuta ya kamera iinyooshee mistari. Anayepiga picha majengo kwa ajili ya riziki ataona thamani ya fedha yake. Mimi nazungumza na wapigapicha wa ridhaa, ambao fedha hiyo ni ada ya mtoto au bati za nyumba inayojengwa Kibaha.

Isitoshe, upana umeacha kuwa kitu cha nadra. Kamera zilipoondokana na kile kioo, lenzi ziliweza kusogea karibu na sensa na zikapungua uzito. Lenzi ya Nikon ya milimita 14 hadi 24 ya mwaka 2007 ilikaribia kilo moja, lakini ile ya mwaka 2020 ya kamera za aina mpya ina gramu 650. Mwaka 2019 Apple waliweka katika iPhone 11 lenzi ya pili inayoona sawa na milimita 13. Kwa maneno mengine, ndoto yangu ya miaka 20 sasa imo mfukoni mwa binti yangu, naye anaitumia kupiga picha za miguu ya rafiki zake wakiwa bustanini.

Basi kama upana ni rahisi kiasi hiki, kwa nini picha zetu nyingi za upana hazitugusi?

Aliyerudi nyumbani na lenzi pana

Wako walioitumia lenzi hii ipasavyo, na mmoja wao anatuhusu sisi wa ughaibuni kuliko wengine. William Klein alizaliwa New York, akaja Ulaya na jeshi la Marekani, akabaki Paris. Mwaka 1954, baada ya miaka kadhaa nje, alirudi New York akapiga picha jiji alilozaliwa. Kitabu kilichotokana na safari ile kilitoka Paris mwaka 1956 baada ya wachapishaji wa Marekani kukikataa, na mwaka 1957 kikapata tuzo ya Nadar huko Ufaransa. Klein alifariki Paris mwaka 2022, akiwa ameishi sehemu kubwa ya maisha yake nje ya kwao.

Miaka ile mpigapicha aliyeheshimiwa sana Ulaya alikuwa Henri Cartier-Bresson, aliyependelea lenzi ya milimita 50 na kupita katikati ya watu bila kutambuliwa. Klein alifuata njia nyingine. Alichukua lenzi pana akaingia ndani ya umati, na watu wakamwona. Tazama picha yake mashuhuri ya mtoto mwenye bastola. Mdomo wa bastola uko mbele kabisa, mkubwa, una ukungu. Nyuma yake kuna uso wa mtoto uliokunjwa kwa ghadhabu. Kando yake mtoto mdogo zaidi anatazama kwa upole, kama hayamhusu. Klein alieleza baadaye kwamba ni yeye aliyewaambia wajifanye wakali. Ulikuwa mchezo, na yeye alikuwa mmoja wa wachezaji. Picha ile haiwezekani kwa mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara.

Wapo waliomlaumu kwamba alilichafua jiji lake, kwamba picha zake zina chengachenga nyingi, zimetikisika na zimekata vichwa. Mimi nami sizipendi zote. Ziko ambazo ukaribu wake unanipa hisia ya mtu anayekuzungumzia usoni huku amekushika ukosi. Lakini nikizilinganisha na picha zangu 900 za Tanga naona wazi alichokuwa nacho nisichokuwa nacho. Klein alikubali kupoteza. Alijua kwamba akimsogelea mmoja, wengine watakatwa ukingoni, na akaridhika. Mimi nilitaka nisimpoteze yeyote. Nilitaka niwachukue wote nije nao Leicester, nikasimama pale ambapo hakuna niliyempata sawasawa.

Nadhani hapo ndipo ulipo mvuto wa lenzi pana kwa sisi tulioondoka. Mtu anayeishi Tanga hana haja ya kuiweka Tanga yote katika picha moja, kwa kuwa kesho ataiona tena. Mwenye wiki tatu kila baada ya miaka miwili anaogopa kuacha kitu. Lenzi inayoahidi kuingiza vyote inazungumza na hofu hiyo moja kwa moja, na ndiyo maana tunailipia bila kuuliza sana.

Ukitaka kuona jinsi picha finyu inavyoweza kushiba, fikiria zile za studio ambazo wengi wetu tulikua nazo ukutani. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na miji yote ya pwani ilikuwa na studio za aina hiyo. Mtu alikaa mbele ya pazia, uso katikati, mikono magotini. Hakukuwa na mtaa wala anga. Lakini ukionyeshwa picha ya babu ambaye hukuwahi kumwona, unajua alikuwa na macho ya nani katika ukoo wenu. Klein mwenye lenzi pana na mpiga picha wa studio mwenye lenzi finyu wametofautiana karibu katika kila kitu, isipokuwa kwamba wote wawili walikuwa mahali ambapo mtu anaweza kusemeshwa bila kupaaza sauti.

Picha za kalenda na picha za viwanja

Sasa tazama picha tunazozitundika katika kumbi zetu. Kichochoro cha Mji Mkongwe kinachokimbilia mbali, mlango wa njumu uliopigwa kutoka chini ukaonekana kama ngome, jahazi dogo chini ya anga kubwa, ufuko usio na mtu. Nyingi ni nzuri, na nyingine nimezipiga mimi. Ila ukiziweka kumi pamoja utagundua kwamba zingeweza kupigwa na mtalii aliyeshuka asubuhi na kuondoka jioni. Sisi tunaojua nani anakaa nyuma ya mlango ule tumepiga mlango tu. Tena mara nyingi tunaujua ubishi wa mwenye nyumba, deni lake dukani na jina la mtoto wake aliyeko Muscat. Hayo yote tumeyaacha nje ya picha iliyoitwa pana.

Kuna jambo jingine ambalo linagusa mifuko yetu kabisa. Kila aliyetafuta chumba cha kupanga nchi hii anajua masikitiko ya kuona picha ya chumba kama ukumbi, kisha kufika na kukuta kitanda kimegusa kuta tatu. Ni lenzi pana imefanya kazi. Siku hizi ndugu zetu wananunua nyumba na viwanja huko nyumbani kwa kutumiwa picha kwenye simu, na picha hizo hupigwa kwa lenzi ileile. Hakuna uongo ndani yake kwa maana ya kisheria. Kila kilichomo kipo. Ni umbali tu ndio umenyooshwa.

Kinga yake ni rahisi, na naomba mwikumbuke hata kama mengine yote mtayasahau: tafuteni kitu cha mviringo kilicho pembeni mwa picha. Saa ya ukutani, sahani, ndoo iliyotazamwa kutoka juu, gurudumu la gari. Kikiwa duara, picha ni ya kuaminika kiasi. Kikiwa na umbo la yai, chumba ni kidogo kuliko unavyokiona na ukuta wa mwisho uko karibu kuliko unavyodhani. Halafu umtume mtu mwenye futi kamba akapime.

Nimjibu nini kijana

Kijana anayeniuliza ninunue lenzi gani, sasa namjibu hivi. Kwanza, usinunue kitu. Lenzi kuu ya simu nyingi za leo inaona sawa na milimita 24 hadi 26, ambayo tayari ni pana. Piga nayo mwezi mzima, na kila unapotaka kurudi nyuma, jilazimishe usogee mbele hatua mbili. Ukiona umechoka na hatua hizo, hata lenzi ya dola 2,999 haitakusaidia. Pili, ukiwa na kamera yenyewe, tafuta lenzi ya mtumba ya milimita 28 au 24. Inatosha kwa vichochoro vyetu na vyumba vyetu, na vichwa vinabaki vichwa. Tatu, kwa picha ya ukoo, tumia ya milimita 50 na urudi nyuma hata ikibidi kuomba ruhusa ya kupanda ukuta wa jirani. Uwanja ukikulazimisha utumie lenzi pana, acha pembeni mitungi na miti, watu waje katikati. Wazee wasikae ukingoni kamwe.

Mwaka 2022 nilikwenda Tanga tena, safari hii na lenzi moja tu, ya milimita 28, niliyoipata kwa pauni 120. Asubuhi ya kwanza nilimkuta mama jikoni uani anapika vitumbua. Nikachuchumaa mbele yake, karibu kiasi cha kusikia joto la mkaa. Nikainua kamera. Akaniambia, "Weka hiyo, ukae ule kwanza." Nikaweka, nikala vitumbua vinne, tukazungumza habari za shangazi na za mvua. Picha niliipiga baada ya hapo, akiwa ameshasahau kamera. Mkono wake wenye upawa uko mbele, mkubwa, una unga hadi kifundoni. Uso wake uko katikati, anacheka jambo nililolisema. Nyuma yake kuna uani, kamba ya nguo, na mkeka umekunjwa umeegemezwa ukutani. Ukuta wenyewe umeinama kidogo, maana sikuishika kamera sawasawa. Nimeuacha hivyohivyo.

Ile lenzi ya milimita 14 bado ninayo kabatini. Yeyote katika jumuiya yetu anayetaka kuijaribu kabla hajatumia fedha zake, aje aiazime bure hata mwezi mzima. Sharti ni moja: siku ya kuirudisha aje na picha ya mtu wake mmoja, aliyepigwa kwa karibu kiasi cha kutambulika na mtoto ambaye hajawahi kumwona.

Wasalaam.